Daraja Liko Mikononi Mwetu

Kama una ugonjwa wa sukari, kabla hujasoma zaidi vua soksi utazame miguu yako. Tazama nyayo, tazama katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni. Mimi nitakusubiri. Mtu aliyebaki na mguu mmoja anajifunza kusubiri, apende asipende.

Umemaliza? Sasa nikueleze.

Nilikuwa mwalimu wa historia Bukavu kwa miaka kumi na minne. Hapa ughaibuni, mjini Saint Paul, nimekuwa mtu wa kusafisha maofisi, lakini kanisani bado wananiita Mwalimu, na mimi napenda kuitwa hivyo kuliko inavyofaa. Tulipokimbia nilibeba vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichopewa na padri mmoja mzee alipokuwa anapunguza maktaba ya misheni. Kinaeleza maisha ya jenerali mmoja wa Ufaransa, wa enzi za yule Kaizari wa kofia pana aliyetaka kuimeza Ulaya nzima. Jina la Jenerali sitalitaja. Ninalijua, limo karibu katika kila ukurasa, ila nimeliacha makusudi na sababu mtaiona.

Alikuwa mtoto wa mtengeneza mapipa. Aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida, wakati Wafaransa walipompindua mfalme wao na maofisa wa ukoo bora wakatoroka, kwa hiyo vyeo vilikuwa wazi na mtu jasiri alipanda haraka. Alipigana Italia akiwa kijana. Akavuka bahari na Kaizari, wakati huo akiwa bado jenerali mwenzake, kwenda Misri, ambako askari wengi waliugua macho wakapofuka. Akapewa nyota zake, akapigana na Waaustria, akatumwa Hispania akachukiwa huko, na mwisho akaenda Urusi na lile jeshi kubwa lililoingia likiimba na kutoka likitambaa kwenye theluji.

Hapo Urusi ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wananyamaza kabisa. Jeshi linarudi nyuma, Jenerali anaachiwa daraja moja alilinde mpaka majeruhi wavuke. Vidole viwili vya mguu wake vimekufa kwa baridi na hajamwambia mtu. Anamwandikia Kaizari barua ya mstari mmoja: Daraja liko mikononi mwetu. Nilikuwa nauandika mstari ule ubaoni kwa herufi kubwa, nageuka, nawatazama wanafunzi mmoja mmoja, kisha nafunga kitabu. Ukurasa unaofuata sikuwahi kuwasomea, hata mwaka mmoja.

Sukari yangu iligunduliwa mwaka wa pili tukiwa hapa. Nilipewa vidonge, baadaye sindano. Sitaeleza ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Daktari wako ataueleza vizuri zaidi, na usipomwelewa mwambie arudie, ndiyo kazi yake. Mimi nitasema yale ambayo hakuna aliyeniambia, na yale niliyoambiwa nikajifanya nimesikia.

La kwanza ni kwamba miguu inanyamaza. Januari ya mwaka jana, baridi ile ya kugandisha kope, nilirudi kazini nikaweka mguu wa kushoto juu ya hita iliyo chini ya dirisha letu, nikasinzia na kitabu kifuani. Niliamshwa na mke wangu, Mama Neema, akiuliza ni nini kinachoungua. Nilikuwa mimi. Sikuwa nimesikia lolote. Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka wote wawili. Nikamwambia Jenerali vidole vyake viliuawa na baridi na mimi wangu nimeuchoma kwa joto, kwa hiyo nimemzidi ujinga. Alama ilikuwa chini ya kidole gumba, upana wa kifungo cha shati.

Mtu wa kwanza niliyemwonyesha alikuwa rafiki yangu Bahati. Tulijuana kambini Tanzania, ambako alikuwa anatengeneza redio za watu chini ya turubai. Yeye aliugua sukari kabla yangu, na ndiye aliyenifundisha kujidunga sindano bila kufumba macho. Sikujua kuendesha gari, kwa hiyo kila asubuhi alinipitia hapa mtaani kwetu Frogtown tukaenda Saint Louis Park, kwenye jengo la maofisi tulilokuwa tunasafisha pamoja, yeye ghorofa za juu na mimi za chini. Njiani nilimsimulia vita vya Jenerali. Alikuwa msikilizaji wa kuudhi. Alitaka kujua askari walikula nini, nani alibeba masufuria, waliokufa walizikwa na nani. Nilimjibu kwamba kitabu hakisemi, akasema basi aliyekiandika hakuwepo.

Alipouona mguu wangu hakutania. Alisema nikauonyeshe kliniki siku ile ile, kwa sababu yeye alishaona wenzetu wawili waliopoteza miguu. Nilimwambia nitaenda, na kweli nilikwenda mara mbili. Wakaufunga, wakanipa dawa, wakaniambia nisiukanyagie. Sasa niambie, mtu anasafishaje ofisi bila kukanyaga?

Sasa nifike kwenye Pasaka, na hapa nakuomba unisome polepole.

Kwetu kanisani ushuhuda si maneno ya kupita. Mtu akisimama mbele akasema Mungu amemponya, wanawake wanapiga vigelegele, kwaya inaingia bila kuambiwa, na kuanzia siku ile yeye si mgonjwa tena. Akionekana na dawa, ni sawa na kumrudishia Mungu zawadi yake mlangoni. Mchungaji wetu hajawahi kumwambia mtu aache dawa, na hilo nataka lieleweke. Hiyo sheria tumejitungia wenyewe, na tunaisimamia kuliko zile kumi.

Nilifunga siku ishirini na moja kabla ya Pasaka. Nilikula mara moja kwa siku, kidogo, nikapungua mpaka suruali ikataka mkanda mwingine. Kipimo cha sukari kilileta namba nzuri kuliko zote tangu niugue. Bila shaka ililazimika kushuka, ingepanda kwa kula nini? Kidonda nacho kilifunga ngozi juu. Kikundi cha maombi kikaambiwa, na Mchungaji akanipa nafasi ya kushuhudia Jumapili ya Pasaka.

Asubuhi hiyo nilivua soksi niliyolala nayo, nyeupe, nikakuta imelowa chini ya kidole gumba. Doa la upana wa sarafu, rangi ya chai, na harufu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalitazama. Nilijua. Nataka niandike neno hilo peke yake ili nisije nikalikwepa: nilijua. Nikaiviringisha soksi ndani ya gazeti, nikaitupa, nikavaa nyeusi.

Saa mbili baadaye nilikuwa mbele ya watu. Nilisema, "Sukari imekwisha. Kidonda kimefunga. Mimi ni mzima." Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika benchi la nyuma. Bahati alikuwa safu ya tatu, amesimama, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, na analia. Nilimtazama nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, sikuwahi kushangiliwa hivyo tangu Bukavu.

Kilichofuata ni majira mazima ya kulinda sentensi tatu. Nilinunua soksi nyeusi dazeni. Niliacha kwenda kliniki, wakipiga simu naona namba naiacha ilie. Sindano nilijidunga kwa siri na kwa kuruka, siku nikikumbuka, siku nikiogopa Mama Neema ataniona. Kuna msemo kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Niliufundisha msemo huo mimi mwenyewe na nikatoa mifano.

Binti yetu Neema anafanya kazi katika hospitali moja kule Maplewood, anahudumia wagonjwa kitandani. Alikuja kututembelea mwezi wa sita, akaingia sebuleni, akasimama. Wafanyakazi wa hospitali wana pua. Akaniomba nimwonyeshe mguu. Nikamwambia kwetu mtoto wa kike hakagui miguu ya baba yake. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake anapoumia, kwamba siku nzima anaosha miguu ya watu asiowajua na ya baba yake mzazi anafichwa. Nikampandishia sauti. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nyumba yangu niliiendesha kwa amri, na watoto walikuwa wananiita Jenerali nikiwa sipo, wakidhani sijui. Neema alichukua funguo zake akaondoka bila kula.

Hata hivyo alinipangia miadi, na ili aniache nikaenda. Kama hujakaa kwenye vyumba vya kusubiri vya huku, nikuonye: utakaa. Kuna samaki ndani ya tangi la kioo wanaozunguka, kuna televisheni isiyo na sauti ambamo mtu anapika kitu kisichoisha. Kisha unapewa karatasi yenye nyuso zilizochorwa, kutoka unaocheka hadi unaolia, uonyeshe maumivu yako ni uso gani. Nikagusa ule unaocheka. Haukuwa uongo mtupu, maana mguu ulikuwa na ganzi na kweli haukuuma. Nikawaambia kiatu kinabana, nitakivua siku nyingine, leo nimekuja kupima presha tu. Nilitoka pale najisifu.

Kiangazi kile Bahati naye alianza kukodoa macho akiendesha. Alikuwa ananiuliza kibao kile kimeandikwa nini. Nikamwambia abadilishe miwani, akasema atabadilisha. Mwezi wa tisa alipandisha gurudumu kwenye ukingo wa barabara mchana kweupe, akazima gari, akakaa na mikono juu ya usukani. Baada ya siku hiyo tulikwenda kazini kwa basi, nikadhani ni mambo ya umri. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega miezi mitano, kila mmoja ana jambo lake, tukizungumza habari za Hispania.

Mwezi wa kumi homa ilinishika nikaanguka bafuni. Mama Neema aliita gari la wagonjwa. Muuguzi aliyenipokea upande wa dharura alikuwa Mkenya, mama wa makamo, jina lake sikulipata. Alikata soksi nyeusi kwa mkasi, akaniambia, "Mzee wangu, hii mguu ulikuwa unaificha nani?" Alinifunika blanketi lililotoka kwenye kabati la joto, lina moto kama mkate, na hadi leo nikitaka kukumbuka jambo zuri la siku hiyo nalikumbuka blanketi lile. Mkipewa, ombeni na la pili. Hawakatai.

Walianza na vidole viwili. Nilicheka peke yangu kitandani, nikasema Jenerali, sasa tumelingana. Siku tisa baadaye haikutosha, na daktari akaleta kiti akaketi. Daktari akivuta kiti, jua habari si nzuri. Mguu ulikatwa chini ya goti wiki ya theluji ya kwanza. Niliiona ikianguka dirishani walipokuwa wananisukuma kwenda, na nilikuwa naona haya kuliko woga.

Hakuna aliyeniambia kwamba mguu usiokuwepo unawasha. Ule ule uliokuwa na ganzi ukiwepo, ulipoondoka ukaanza kuwasha kidole gumba, na hakuna pa kukuna. Uliponyamaza nilikuwa nao, sasa unapiga kelele haupo. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kukuna mguu wa kulia mahali pale pale huku nikiutazama kwenye kioo, na wakati mwingine inasaidia. Hakuna aliyeniambia pia habari ya viatu. Mama Neema aliweka vya kushoto vyote kwenye gunia nyuma ya mlango kwa sababu hakujua mtu anatupaje viatu vizima. Na soksi zinabaki moja moja.

Yeye hakunilaumu, na hilo liliniudhi, nikamwambia aseme kama ana la kusema. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Miezi sita nimefua soksi zako. Ulifikiri nilikuwa nafua nini?" Kumbe alijua tangu wiki ya Pasaka. Alikuwa anaziloweka peke yake kwenye ndoo, kabla ya nguo nyingine. Hakusema kwa sababu kanisa zima lilikuwa limenishangilia, na hakutaka kuwa mke aliyevunja ushuhuda wa mume wake. Tulilia siku hiyo, kila mtu upande wake wa chumba. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na saba na sikuwahi kumwonyesha kwamba anaweza kuniambia nimekosea.

Kisha akaniambia lile lingine, ambalo alikuwa anangojea nipate nguvu ndipo aniambie. Bahati alikuja hospitalini kuniona, wiki niliyokuwa na homa. Aliingia ameshikwa mkono. Jicho la kulia lilikuwa limekufa, la kushoto linaona mwanga tu. Mkewe alimweleza Mama Neema pale koridoni. Jumatatu ya Pasaka, siku moja baada ya ushuhuda wangu, Bahati alikusanya sindano zake zote akazitia kwenye mfuko, akazitupa. Akaacha na miadi ya macho. Alisema, "Mwalimu amepona, na Mungu wa Mwalimu ndiye Mungu wangu." Hakuniambia kwenye gari kwa sababu alitaka anishangaze na ushuhuda wake mwenyewe, mwaka ukigeuka.

Niligeukia ukuta. Sikutaka hata kuombewa.

Majira ya baridi yote sikumpigia simu. Nilikuwa na visingizio vizuri: kigutu kilikuwa kinavuja, mguu wa bandia haujafika, ngazi zina barafu. Jirani yetu Mhmong, mkimbizi wa Asia, alikuwa ananisafishia ngazi kila theluji inapoanguka, bila kuombwa, kwa hiyo hata kisingizio hicho kilikuwa cha uongo. Kanisa lilileta sombe ya majani ya muhogo na samaki na kusema yaliyonipata ni majaribu. Niliitikia amina. Sikusahihisha hata neno moja, kwa sababu majaribu yanasikika vizuri kuliko soksi.

Ndipo nikachukua kitabu nikasoma ule ukurasa.

Ni mistari minne tu. Jenerali alipoandika kwamba daraja liko mikononi mwao, lilikuwa limekwisha kushika moto upande wa pili, na alikuwa anauona moshi. Hakutaka Kaizari asome kwamba ameshindwa. Kwa kuiamini barua ile, msafara wa majeruhi ulipelekwa njia hiyo badala ya nyingine. Walifika mtoni wakakuta nguzo. Mwandishi anasema tu, "majeruhi na wengineo", kisha aya inayofuata Jenerali amefika nyumbani, amepewa nishani, na miaka ya baadaye jina lake linachongwa kwenye jiwe Paris pamoja na majenerali wenzake. Alikufa kitandani, mzee, watoto wake wamemzunguka.

Miaka kumi na minne nilifundisha mstari ule kuwa ushujaa. Nimewafundisha watoto wa watu kuandika barua ya uongo. Nilikifunga kitabu nikaona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Mwezi wa tatu mguu wa bandia ulifika. Nilijifunza kutembea kati ya vyuma viwili, Neema akiwa mbele yangu anarudi kinyumenyume na mikono imenyooshwa, kama nilivyomfundisha yeye kutembea. Yeye ndiye sasa anakagua mguu uliobaki, kila Jumamosi, kwa tochi. Namwacha. Wa kwanza niliyeketi naye nikamwomba radhi alikuwa yeye, kwa siku ile aliyoondoka bila kula, na alinijibu kwa Kiswahili, kibovu, kila neno limevunjika mahali. Sijasikia Kiswahili kitamu kama hicho.

Mwezi wa nne nilifanya jambo ambalo Bahati alinisihi miaka sita nilifanye: nikajifunza kuendesha gari. Gari za huku zinahitaji mguu wa kulia tu, na huo ninao. Nilipopata leseni nikampigia simu mkewe nikauliza miadi ya macho ni lini, nikasema nitampeleka mimi. Akatafuta karatasi ya hospitali. Kisha akanipa siku na saa.

Theluji ilikuwa imebaki kwenye pembe za maegesho tu, nyeusi kwa vumbi. Bahati alitoka na fimbo nyeupe, akapapasa mlango, akaingia upande wangu wa zamani. Akasema, "Mwalimu, kipofu anaendeshwa na kiwete. Askari wa barabarani akitusimamisha, mimi simjui mtu huyu." Nilijaribu kucheka. Njia nzima hadi Maplewood nilishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na samaki wake. Tulikaa. Akaniuliza kama nimebeba Jenerali, nikasema nimembeba, akaniambia basi soma. Nilianza Urusi. Nikasoma daraja, nikasoma barua, na safari hii sikufunga kitabu. Nilitafsiri ile mistari minne polepole, mpaka nguzo na majeruhi na wengineo. Kisha nikamwambia habari ya soksi. Nilisema asubuhi gani, doa la ukubwa gani, harufu gani. Nilisema nilijua.

Bahati alikuwa ameelekeza uso kwenye samaki, bila kuwaona.

"Mimi nilikuona," akasema. "Tangu Pasaka ulikuwa unachechemea. Kwenye gari unaingia kwa kujivuta na mkono."

Nikamuuliza kwa nini basi alitupa sindano.

"Nilikuwa nimechoka nazo, Mwalimu. Miaka kumi na moja. Nilitaka neno lako liwe kweli kuliko wewe ulivyotaka. Donc, kwa hiyo, nilikataa kukuona." Akapapasa fimbo yake. "Lakini tusigawane hili sawasawa. Ungesema asubuhi ile, leo ningekuwa naona."

Nikasema ndiyo. Sikujitetea. Nikadhani amemaliza, kumbe akauliza swali lake la zamani.

"Wale waliofika mtoni, kitabu kinawataja?"

"Hakiwataji."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na Jenerali jina lake liko kwenye jiwe."

"Liko."

Muuguzi akatokea mlangoni na karatasi, akamwita. Bahati akasimama, akatafuta bega langu, akalishika. Mkono wake ulikuwa mzito.

"Utaandika habari hii," akasema. "Nakujua, utaandika. Na utaisoma kanisani. Jina langu uliweke lote, na uache kunifanya wengineo."

Nimeiandika wiki saba. Jumapili iliyopita niliomba nafasi, nikasimama pale pale mbele, nikasoma. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama mmoja wa kwaya alitoka katikati nikasikia mlango, nikadhani nimemkwaza. Baada ya ibada nilimkuta ameketi kwenye gari lake, kiatu kiko pembeni, anatazama unyayo wake kwa kioo cha mkoba. Wengine hawanisalimii tena, na nadhani wana haki yao. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Mimi wangu amekwisha kuzaliwa na ninamlea, na sikuombei wewe upate wa kwako.

Ndiyo maana jina la Jenerali nimeliacha. Yeye ana jiwe. Rafiki yangu anaitwa Bahati Cirhuza, mzaliwa wa Walungu karibu na Bukavu, fundi wa redio, aliyeniendesha miaka sita asinigongeshe popote isipokuwa ukingo wa barabara mara moja, na aliyezitupa sindano zake Jumatatu ya Pasaka kwa sababu mimi nilisimama mbele yake na soksi nyeusi nikasema nimepona.